Mshipa Mkuu wa Damu Unapochanika

Wasomaji wetu walio wengi wamekwisha kulisikia neno amakiro. Ni neno la Kiganda, na matangani hutamkwa kwa sauti ya chini. Watu wa zamani wa Buganda waliamini, na wengine wangali wakiamini hata leo, ya kuwa mwanamke mwenye mimba akitoka nje ya ndoa yake, basi akisha kuzaa hupatwa na amakiro: hurukwa na akili, au huugua ghafula, au hufa, na mtoto wake naye huwa hatarini. Kwa hiyo mama akifa siku chache baada ya kuzaa, na sababu isionekane, wapo watakaotazamana bila kusema neno. Kutazamana huko ni hukumu tayari, na aliyehukumiwa hawezi kujibu.

Daktari mmoja Mwingereza, John Cox, aliyefanya utafiti wake Kasangati, kaskazini ya Kampala, aliandika juu ya amakiro mwaka 1979, akaulinganisha na ugonjwa wa akili uwapatao baadhi ya akina mama kila mahali duniani wakisha kujifungua. Hayo ni ya akili, na yana matabibu wake. Lakini si kila mama afaye ghafula alikuwa amerukwa na akili. Leo nataka kueleza habari za ugonjwa mmoja wa mwili, ulio adimu lakini mkali kupita kiasi, ambao huweza kumwua mama kwa muda wa saa chache, naye hana jeraha lolote la kuonekana kwa macho. Ni kuchanika kwa mshipa mkuu wa damu.

Sababu ya kuandika ni hii. Mimi nafundisha bayolojia, na nyumbani kwangu ni Kasubi, si mbali na makaburi ya Makabaka. Mwaka juzi jirani yetu mmoja, mama wa miaka 34, alijifungua mtoto wake wa tatu salama kabisa. Siku ya 12 aliinama kuinua beseni la nguo, akashikwa na maumivu makali baina ya mabega. Alimwambia mke wangu kwamba ni kama mtu amempasua kwa ndani. Alikwenda katika zahanati moja, ambayo sitaitaja jina, akaambiwa kuwa ni uchovu wa uzazi na kuinamia mtoto anaponyonya, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Hakuna aliyempima presha, ijapokuwa wakati wa mimba alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba presha yake imepanda. Kesho yake maumivu yalishuka kiunoni, na usiku alizimia. Alipofikishwa hospitali, daktari alimwekea kifuani chombo cha ultrasaundi, akaona damu imeuzunguka moyo. Mama yule hakuiona asubuhi.

Kabla ya siku ya maziko kwisha, neno lile lilikuwa limekwisha kuzunguka mtaa. Ndugu za mume wakaanza kuulizana kama mtoto ni wa ukoo wao. Kila aijuaye Buganda anajua uzito wa swali hilo: mtoto yule alikaa miezi 3 bila kupewa jina la ukoo wa baba yake.

Wanafunzi wangu wawili wakaao mtaa ule waliniuliza darasani, “Mwalimu, mtu hufaje hivyo?” Nikaona haifai kuwajibu kwa dakika 5 za mwisho wa kipindi.

Tuanze na moyo. Moyo wa mtu mzima hupiga mara 70 hivi kwa dakika, yaani mara 100,000 hivi kwa siku moja. Kila upigapo husukuma damu katika mshipa mmoja mnene ambao matabibu huuita aota. Mshipa huu hutoka juu ya moyo, hupanda kidogo kuelekea shingoni, hujipinda kama mpini wa bakora, kisha hushuka nyuma ya kifua ukifuata uti wa mgongo mpaka tumboni, na huko hugawanyika kwenda miguuni. Matawi yake hulisha moyo wenyewe, ubongo, mikono, matumbo na figo. Na kwa mja mzito hulisha pia nyumba ya uzazi na kitoto kilichomo. Karibu na moyo unene wake ni kama sentimita 3. Hakuna mshipa mwingine mwilini upokeao pigo la moyo kwa nguvu kama huu, maana wenyewe ndio wa kwanza.

Ukuta wake una tabaka 3. La ndani ni jembamba na nyororo, ili damu ipite bila kukwama. La kati ni nene, limefumwa kwa nyuzi zinazovutika na kurudi kama mpira, nalo ndilo lipokealo nguvu ya kila pigo. La nje ni gumu kidogo, hushikilia yote. Mtu akiwa mzima, tabaka hizo zimeshikamana hata huwezi kujua moja laishia wapi na jingine laanzia wapi.

Akaaye Kasubi hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Nyumba kubwa ya makaburi, Muzibu-Azaala-Mpanga, ambayo iliungua moto tarehe 16 Machi 2010 na baadaye ikajengwa upya, tangu zamani hupambwa ndani kwa lubugo, yaani nguo ya magome. Lubugo hutoka katika mti wa mutuba. Fundi kwanza huparua gome la nje. Kisha hukata mstari wa kulizunguka shina juu, na mwingine chini, na mmoja wa kushuka wima kuiunganisha hiyo miwili. Halafu huchukua kipande cha mgomba kilichochongwa, akakiingiza katika ule ufa mwembamba na kukisukuma taratibu. Gome la ndani huachana na mti kwa urefu wote, bila kisu kukata tena. Kazi ya kisu ilikuwa ule ufa tu. Yaliyobaki hufanywa na kusukuma.

Ndivyo aota inavyochanika. Tabaka la ndani likipata ufa, hata ufa wa sentimita 1 au 2, damu itokayo moyoni huingia katika ufa huo kwa nguvu, na damu yenyewe ikawa ndiyo kipande cha mgomba. Kila pigo la moyo huisukuma mbele kidogo, ikizitenga tabaka za ukuta, na njia ya pili ya damu hufunguka ndani ya ukuta, pembeni ya njia ya kwanza. Katika muda wa dakika chache mchano waweza kutoka kifuani ukafika kwenye nyonga. Sasa wajua kwa nini mgonjwa husema maumivu yalianza mahali pamoja kisha yakahama: yanaufuata mchano unavyokwenda.

Mambo mabaya yafuatayo hutegemea mahali. Mchano ukiwa karibu na moyo, damu huweza kupenya mpaka katika mfuko uuzungukao moyo, ikaubana moyo usiweze kufunguka na kujaa. Hicho ndicho daktari alichokiona kwa jirani yetu. Au ile njia ya pili huziba mdomo wa tawi fulani: likiwa tawi la kichwani mgonjwa hupooza upande mmoja, likiwa la mguu mguu huwa baridi na kufa ganzi, likiwa la figo mkojo hukoma. Kwa hiyo ugonjwa mmoja hujivika nguo za magonjwa mengi, na tabibu asiyeufikiria hawezi kuuona hata akiwa hodari.

Sasa, kwa nini mimba? Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya mimba iko tumboni tu. Si kweli; moyo nao hubeba mimba. Mwanamke mwenye mimba huongezewa damu mwilini mwake, na ikaribiapo miezi ya mwisho huwa amezidi kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo kwanza. Moyo wake husukuma damu nyingi zaidi kila dakika, na mapigo huongezeka kwa 10 mpaka 20. Tena homoni za mimba hulegeza nyuzi za mwili. Kulegea huko kuna faida, kwa sababu mifupa ya nyonga yapaswa kuachia nafasi mtoto apite. Lakini homoni hazichagui nyonga peke yake, na ukuta wa aota nao hupata kulegea kwake. Basi una mshipa uliolegea kidogo, na damu iliyozidi ikiupiga kwa nguvu iliyozidi.

Siku ya kuzaa ni mtihani mkubwa kuliko yote. Kila uchungu ukija, nyumba ya uzazi hujikamua na kurudisha damu moyoni, presha hupanda, na mama akisukuma hupanda zaidi. Mtoto akisha kutoka watu hupumua na kusema yamekwisha. Kwa moyo hayajakwisha. Damu iliyokuwa ikienda katika kondo la nyuma hurudi yote katika mwili wa mama, na moyo hufanya kazi kubwa kuliko wakati wowote wa mimba. Kisha huchukua majuma mengi kabla mishipa haijairudia hali yake ya zamani. Ndiyo sababu matabibu huhesabu hatari hii tangu miezi 3 ya mwisho ya mimba mpaka majuma 12 baada ya kuzaa. Arobaini yetu, ambayo mama hukaa ndani akitunzwa na jamaa, ni desturi nzuri, lakini haifiki nusu ya muda huo.

Nisiwatishe wasomaji bure. Ugonjwa huu ni adimu. Mwaka 2016 matabibu wa Marekani walitoa hesabu ya wanawake karibu milioni 5 waliozaa katika majimbo ya California, Florida na New York. Katika hao wote, waliochanika au kupasuka mshipa mkuu wakati wa mimba au katika majuma 12 ya baadaye walikuwa 36 tu. Lakini walipowalinganisha wanawake hao hao na wakati kama huo mwaka mmoja baadaye, waliona kwamba wakati wa mimba na uzazi hatari ilikuwa mara 4. Mama mmoja mmoja hana haja ya kukosa usingizi. Mkunga aonaye akina mama maelfu kwa maelfu ana haja ya kuukumbuka.

Tena mtu asidhani kwamba ni ugonjwa wa akina mama peke yao, wala wa maskini, wala wa waliotenda neno baya. Mfalme George wa Pili wa Uingereza aliamka asubuhi ya tarehe 25 Oktoba 1760 katika jumba lake la Kensington, akanywa kikombe chake cha chokoleti, akaingia chooni, akaanguka huko na kufa. Tabibu wake Frank Nicholls alipoupasua mwili aliukuta mfuko wa moyo umejaa damu iliyoganda, na aota ina ufa. Habari zake ni katika zile za kwanza kuandikwa vizuri juu ya ugonjwa huu. Kisa cha pili ni cha ajabu zaidi. Daktari Michael DeBakey wa Houston, huko Marekani, ndiye aliyeongoza katika kuushona mshipa uliochanika, mwaka 1954. Tarehe 31 Desemba 2005, akiwa na umri wa miaka 97, mshipa wake mwenyewe ulichanika. Mwaka 2006 alipasuliwa kwa njia aliyoianzisha, akaishi mpaka Julai 2008. Mfalme na daktari bingwa! Hakuna aliyenong'ona matangani kwao.

Jioni moja, baba wa mtoto yule niliyemtaja aliniita tukae na wazee wa ukoo wake. Alikuwa na karatasi ya daktari, lakini maneno yake yalikuwa magumu kwao, na hata kwake. Mimi nikawaeleza habari za gome la mutuba kama nilivyozieleza hapa. Mzee mmoja, ambaye baba yake alikuwa fundi wa lubugo, alikaa kimya sana, kisha akaniuliza, “Mwalimu, wasema ile damu ndiyo kipande cha mgomba?” Nikasema ndivyo, ssebo. Akawageukia wenzake, akawaambia, “Basi mke wetu alichanika.” Mtoto alipewa jina juma lililofuata. Sidai kwamba mimi ndiye niliyewashinda. Nadhani wazee wale walikuwa wakitafuta mlango wa kutokea, na karatasi peke yake haikuwa mlango.

Narudi katika dalili, maana hapa ndipo maisha yanapookolewa au kupotea. Dalili kubwa ni maumivu yanayoanza ghafula, na kuwa makali tangu dakika ile ile ya kwanza. Maumivu ya misuli huanza kidogo kidogo. Haya mgonjwa aweza kukutajia alikuwa akifanya nini yalipoanza. Huwa kifuani, au shingoni na taya, au baina ya mafupa ya mabega, na mara nyingi hushuka mgongoni au tumboni. Wengi husema ni kama kuraruliwa. Pengine mgonjwa huzimia, au hutoka jasho la baridi, au mkono mmoja hukosa nguvu. Pengine mapigo ya mkono wa kuume na wa kushoto hayalingani, na presha ikipimwa mikono yote miwili huonekana tofauti kubwa. Jambo hili la mwisho ni rahisi, halina gharama, na lingefaa kufanywa kila mara: kupima mkono mmoja kisha mwingine huchukua dakika 2. Lakini mikono ikilingana isimdanganye mtu, kwa kuwa wagonjwa wengi mikono yao hulingana.

Magonjwa mengine nayo huleta maumivu ya kifua kwa mzazi. Damu huweza kuganda mguuni ikapanda mpaka mapafuni. Kiungulia huwasumbua waja wazito wengi. Kuna pia ugonjwa wa moyo kulegea mwisho wa mimba au baada ya kuzaa, ambao dalili zake ni kukosa pumzi mtu alalapo chali na kuvimba miguu, na huo ni wa kawaida zaidi katika Afrika kuliko huu ninaoueleza. Tofauti hizi si mchezo. Mgonjwa mwenye damu iliyoganda mapafuni hupewa dawa ya kuizuia damu isigande. Dawa hiyo hiyo akipewa mwenye mshipa uliochanika, yaweza kumharakisha. Kwa hiyo matabibu hutaka picha kabla ya dawa: ultrasaundi ya moyo, au picha ya kompyuta iitwayo si-ti, ambayo humwonyesha daktari njia zile mbili za damu kama mtu aonavyo mto uliogawanyika. Wengine huogopa kwamba mionzi ya si-ti itamdhuru mtoto aliye tumboni. Hofu hiyo yaeleweka, lakini mama akifa mtoto huyo hana pa kukaa.

Nani wa kujihadhari zaidi? Wa kwanza ni mwenye presha ya kupanda, awe alikuwa nayo kabla ya mimba au imemjia nayo. Wa pili ni mtu ambaye nyuzi za mwili wake ni dhaifu tangu kuzaliwa. Mwaka 1896, huko Paris, daktari Antoine Marfan alieleza habari za msichana mdogo mwenye vidole virefu vyembamba kupita kawaida, na ugonjwa ule hata leo waitwa kwa jina lake. Humpata mtu 1 hivi katika kila 5,000, wa kila taifa. Mwenye ugonjwa wa Marfan aghalabu ni mrefu, mikono yake akiinyosha huzidi kimo chake, viungo vyake hulegea, pengine kifua kimebonyea katikati na macho hayaoni mbali. Nyuzi zile zile dhaifu zimo katika aota yake, nayo hupanuka mwaka kwa mwaka bila maumivu. Mzazi mwenye ugonjwa huu, kila mtoto wake ana nusu ya bahati ya kuurithi.

Wasichana wa timu yetu ya netiboli watanisamehe, lakini jambo hili lawahusu warefu. Flo Hyman, Mmarekani, alikuwa katika wachezaji wakubwa wa voliboli duniani, mwenye kimo cha sentimita 196. Tarehe 24 Januari 1986 alifia uwanjani huko Japani, mwenye umri wa miaka 31. Aota yake ilikuwa imechanika, na ugonjwa wa Marfan haukujulikana mpaka alipokwisha kufa.

Jaribu hili hapo ulipokaa. Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, kisha ufunge vidole vinne juu yake. Je, ncha ya gumba, pamoja na ukucha wote, imetokeza upande wa pili wa ngumi? Sasa shika kifundo cha mkono wako kwa gumba na kidole kidogo cha mkono wa pili. Je, vimekutana na kupandana hata kucha zimefunikana? Ukipata ndiyo mara moja, si neno. Watu wengi wazima wana mikono ya namna hiyo. Ukipata ndiyo mara zote mbili, nawe ni mrefu, na katika jamaa yako yuko aliyekufa ghafula angali kijana, basi umwombe daktari akuangalie moyo kwa ultrasaundi. Upana wa aota hupimwa kwa milimita. Mwanamke mwenye Marfan ambaye aota yake imezidi milimita 45 hushauriwa asipate mimba kwanza, bali mshipa utengenezwe kabla.

Je, mshipa ukisha kuchanika, kuna dawa? Ipo, na ina sehemu mbili. Kwanza ni kuituliza damu: mgonjwa hupewa dawa za kushusha presha na kupunguza mapigo ya moyo, tena dawa kali ya maumivu, kwa sababu maumivu nayo hupandisha presha. Kumbuka kipande cha mgomba. Ukiacha kukisukuma, gome halizidi kuachana. Mchano ulio katika sehemu ya kushuka, mgongoni, mara nyingi hutosheka na dawa hizo. Lakini mchano ulio karibu na moyo wataka upasuaji, tena siku ile ile. Vitabu vya matabibu vimesema kwa muda mrefu kwamba, katika saa 48 za kwanza, kila saa ipitayo huondoka na mgonjwa 1 au 2 katika 100 wasiopasuliwa. Hesabu za karibuni zasema ni pungufu ya hapo, walakini saa bado ni saa. Mimba ikiwa changa, chini ya majuma 28, madaktari hujaribu kuutengeneza mshipa mtoto akiwa ndani. Mimba ikikomaa, mtoto hutolewa kwanza kwa kupasua tumbo la mama, kisha wapasuaji wa moyo hushika kazi katika chumba kile kile. Ni kazi ya watu wengi, na damu nyingi ya kuongezwa.

Hapa Kampala kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1988, na wapasuaji wa moyo wapo. Kwa miaka mingi wagonjwa wa moyo wenye uwezo walipelekwa India, lakini mwenye mchano karibu na moyo hana siku za kungoja pasi ya kusafiria. Kutoka Kasubi mpaka Mulago ni kilometa chache. Kwa bodaboda usiku ni dakika chache tu. Kwa jirani yetu safari haikuwa ndefu. Kilichokuwa kirefu ni siku nzima ya vidonge iliyotangulia.

Nchi yetu imepiga hatua katika mambo ya uzazi, nayo yafaa isemwe. Utafiti wa serikali wa mwaka 2016 ulihesabu vifo vya akina mama 336 katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa mwaka 2022 ulihesabu 189. Wengi wao huuawa na kutoka damu, presha ya mimba, na uchafu kuingia katika nyumba ya uzazi. Kadiri hao wanavyookolewa, ndivyo magonjwa ya moyo yanavyoonekana, kama mawe yaonekanavyo ziwa likipungua maji.

Kutoka kilima chetu twaiona Namirembe, na karibu nayo iko Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na daktari Albert Cook mwaka 1897. Mkewe, Katharine, aliyekuwa muuguzi, ndiye aliyeanzisha huko mafunzo ya wakunga baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na wasichana wa Kiganda wakatoka wakiwa na ujuzi na vyeti, wakaenda kuzalisha vijijini. Mimi huwa nawaza kwamba mkunga ndiye tabibu wa moyo wa mama zetu, hata asipoitwa hivyo, kwa kuwa ndiye afungaye kile kitambaa cha kipimo mkononi. Kwa bahati mbaya watu wengi hukiona kipimo kuwa ni cha wakati wa mimba. Mtoto akisha kuzaliwa, kila mtu humtazama mtoto: kupima uzito wake, chanjo zake, kitovu chake. Mama husimama pembeni akiwa ameshika khanga. Ikiwa presha yake ilipanda kabla ya kuzaa, ni haki yake kupimwa tena juma la kwanza, na tena baadaye, wala asione haya kuomba.

Na jamaa za mama aliyekufa kwa ugonjwa huu, ndugu zake na watoto wake, yawapasa kuangaliwa aota zao, kwa kuwa udhaifu wa nyuzi huweza kuwa wa ukoo. Watoto watatu wa jirani yetu wamekwisha kuangaliwa. Mkubwa, mvulana wa miaka 11, atarudi kila mwaka.

Chama chetu cha Sayansi kina kipimo kimoja cha presha, nacho kinafanya kazi vizuri. Siku ya wazazi kitakuwa katika maabara tangu saa 4 asubuhi, na muuguzi wa shule atakuwapo. Waleteni mama zenu na shangazi zenu, hasa aliyejifungua mwaka huu. Tutapima mikono yote miwili.